Azimio la Kinshasa na cheti cha ndoa



Tarehe 25 Novemba 2021, siku ambayo dunia inapinga ukatili dhidi ya wanawake, viongozi wa Afrika walikutana Kinshasa. Rais Félix Tshisekedi, aliyekuwa mwenyekiti wa Umoja wa Afrika mwaka ule, ndiye aliyewakaribisha. Neno kubwa la mkutano lilikuwa hili: wanaume, na kwanza wale wenye madaraka, washike kazi ya kumaliza ukatili dhidi ya wanawake na wasichana. Ndipo likatoka Azimio la Kinshasa. Mikutano mingine ilifuata, Dakar mwaka 2022 na Pretoria mwaka 2023.

Waamini wanauliza: mikutano ya wakubwa inamfaa nini mama anayelima Walungu au anayeuza samaki Uvira? Ni swali la haki. Azimio peke yake si sheria, wala halimtetei mjane mbele ya shemeji zake. Lakini nchi yetu ina sheria zinazoweza kumtetea, na zilikuwapo kabla ya mkutano ule. Mara nyingi kinachokosekana ni karatasi moja tu, yaani cheti cha ndoa. Hapo kanisa lina kazi ya kufanya.

Sheria zinasema nini

Katiba ya mwaka 2006, kifungu cha 14, inaagiza serikali iondoe ubaguzi wote dhidi ya mwanamke na kuhakikisha usawa wa mume na mke katika uongozi wa nchi. Sheria ya tarehe 1 Agosti 2015 ilieleza namna ya kutimiza agizo hilo. Na tarehe 1 Aprili 2024, mama Judith Suminwa Tuluka aliteuliwa kuwa Waziri Mkuu, mwanamke wa kwanza katika cheo hicho kwetu.

Inayogusa nyumba zetu zaidi ni Sheria ya Familia ya mwaka 1987, iliyorekebishwa tarehe 15 Julai 2016. Zamani mwanamke aliyeolewa alihitaji ruhusa ya mumewe ili afanye mapatano ya kisheria. Leo mume bado anaitwa kichwa cha nyumba, lakini mambo hayo yanataka mapatano ya wote wawili. Na hakuna anayeruhusiwa kuoa au kuolewa kabla ya miaka 18, awe mvulana au msichana.

Mume anapokufa

Tufuate sheria hatua kwa hatua. Ikiwa bibi na bwana hawakuchagua mpango mwingine, mali waliyoipata pamoja katika ndoa ni ya wote wawili. Kwa hiyo sehemu ya mama hutengwa kwanza. Si urithi, ni mali yake. Kinachogawanywa ni sehemu ya marehemu.

Robo tatu za urithi ni za watoto, na binti anapata sawa na kaka yake. Robo inayobaki inahusu mjane, wazazi wa marehemu, na ndugu zake. Tena mjane ana haki ya kuendelea kuitumia nyumba waliyokaa pamoja na vyombo vyake. Basi shemeji anayefika siku ya tatu baada ya mazishi kudai funguo hana sheria upande wake.

Lakini haki hizo za mjane ni za mke anayetambuliwa na sheria. Baraka ya kanisani peke yake haimpi cheo hicho mbele ya hakimu. Hatusemi kwamba baraka ni bure mbele za Mungu. Tunasema kwamba hakimu husoma kitabu cha etasivili, hasomi kitabu cha parokia. Watoto waliotambuliwa na baba yao watakuwa na haki yao. Mama yao, aliyejenga nyumba ile tofali kwa tofali, anaweza kutoka mikono mitupu.

Njia ya kupata cheti

Wako wanaofunga ndoa mbele ya afisa wa etasivili moja kwa moja. Lakini sheria inakubali pia ndoa iliyofungwa katika familia kwa desturi. Ndani ya mwezi mmoja, bibi na bwana waende kwa afisa, kila mmoja na shahidi wake, ili ndoa iandikwe. Aliyepitisha mwezi huo asikate tamaa. Aende aulize afisa utaratibu wa kufuata.

Wengine husema, "Mahari haijaisha." Sheria inataka mahari iwe imetolewa hata kwa sehemu tu. Deni la mbuzi wawili lisimwache mama bila ulinzi miaka ishirini.

Wengine husema, "Huku kwetu ni vita, watu wamekimbia." Ni kweli, na ofisi nyingine hazifanyi kazi. Lakini vita ndivyo vinavyoongeza wajane. Penye ofisi inayofanya kazi, tusingoje. Waliokwisha kupata cheti watoe nakala mbili, moja ikae kwa ndugu wa kuaminika katika mji mwingine.

Kazi ya parokia

Tunapendekeza mambo matatu. Katika mafundisho ya wachumba, mchungaji aulize habari ya etasivili kabla ya kupanga siku ya baraka. Umoja wa wamama, ambao katika mwezi wa Machi hushona vikwembe vya sare, uhesabu pia ndoa zisizoandikwa katika parokia na kusindikiza watu ofisini kwa makundi. Na baba wa kanisa waongoze njia, kwa maana Azimio la Kinshasa liliwahusu wao kwanza.

Boazi alipotaka kumwoa Ruthu, hakufanya jambo lile sirini. Alikwenda mlangoni pa mji, akaketi na wazee kumi, akasema neno lake mbele ya mashahidi, na urithi wa wajane wawili ukawa salama. Mlango wa mji wetu leo ni ofisi ya etasivili. Baba unayesoma haya, ukiwa bado mzima na nguvu unazo, mpeleke mama huko.