Ukibonyeza "Tuma", Nani Huhamisha Pesa?

Uko Marikiti asubuhi, umesimama mbele ya mama mboga, na walio nyuma yako wana haraka. Umeweka namba yake, Sh500, PIN, ukabonyeza. Skrini inazunguka, inazunguka, kisha menyu inapotea. Hakuna mesej kwako, hakuna kwake. Mama anakuangalia. Unafanya kile ambacho wengi wetu hufanya: unatuma tena. Dakika mbili baadaye mesej mbili zinaingia kwa mpigo, na sasa mama ana Sh1,000 zako.

Ili kuelewa kilichotokea, anza na hili: simu yako haihamishi pesa. Simu hupeleka ombi tu. Pesa zenyewe, yaani tarakimu za salio lako na la mama, zimo kwenye hifadhidata. Hayo ni majedwali yaliyopangwa kwa mistari na safu, kama daftari kubwa la dukani. Mpangilio huo ulielezwa na Edgar Codd wa kampuni ya IBM mwaka 1970, na hadi leo benki na huduma za pesa hutumia hifadhidata za aina hiyo. Kinachoandika kwenye daftari hilo unapotuma pesa kinaweza kuwa programu fupi iitwayo prosija.

Prosija ni maagizo yaliyoandikwa mara moja na kuhifadhiwa ndani ya seva ya hifadhidata yenyewe, yakingoja kuitwa kwa jina. Ukiingia kibandani unasema "chapati mbili na ndengu". Humwambii mpishi apime unga kiasi gani. Ombi lako nalo ni fupi hivyo: toa akaunti hii, weka akaunti ile, Sh500, na namba ya ombi. Mengine prosija inayajua.

Inaanza kwa kufunga mistari miwili ya daftari, wako na wa mama, ili mtu mwingine asiiandike kwa wakati huo. Inakagua kama akaunti zote ziko hai, kama salio linatosha pamoja na ada, kama hujapita kikomo. Inapunguza kwako, inaongeza kwa mama, inaandika kumbukumbu ya muamala, halafu mwisho kabisa inathibitisha. Kabla ya kuthibitisha, hakuna kilichohesabika. Stima zikipotea katikati, baada ya kupunguza kwako na kabla ya kuongeza kwa mama, seva ikiwaka tena itasoma kumbukumbu zake, ione kazi haikuisha, na kurudisha salio lako lilivyokuwa. Ni yote au hakuna.

Hiyo kufuli ina maana kuliko inavyoonekana. Tuseme una Sh600, na mkopo wako wa Sh400 unakatwa sekunde ileile unayotuma Sh500. Bila kufuli, kila upande ungesoma Sh600, useme "zinatosha", na akaunti ingetoa Sh900 isizokuwa nazo. Ikiwa na kufuli, mmoja anangoja. Lakini kuna mtego hapo: nikikutumia pesa wakati uleule unaponitumia, ombi langu linaweza kufunga akaunti yangu na kungoja yako, huku lako limefunga yako likingoja yangu. Ni matatu mbili zilizokutana katikati ya daraja jembamba, kila dereva amegoma kurudi nyuma. Njia moja ya kuzuia hilo ni rahisi ajabu: prosija zote zifunge kwanza akaunti yenye namba ndogo.

Mbona kazi hii iwekwe ndani ya hifadhidata? Sababu moja ni kwamba menyu ya simu, apu, ajenti na makato ya mkopo vyote hupita mlango mmoja. Kikomo cha muamala mmoja nchini kilipanda kutoka Sh70,000 hadi Sh150,000 Machi 2020, kisha Sh250,000 mwaka 2023. Kanuni kama hiyo ikikaa mahali pamoja, hubadilishwa mara moja kwa wote.

Sababu ya pili ni ulinzi. Kwenye mfumo uliopangwa vizuri, anayepokea simu yako huduma kwa wateja hana ruhusa ya kugusa daftari. Anaweza tu kuita prosija alizoruhusiwa, na kila anapoita moja jina lake linabaki limeandikwa. Na yule tapeli anayekupigia akilia "nimekutumia kimakosa, tafadhali nirudishie"? Mesej ya uongo inaweza kuandikwa na yeyote mwenye simu. Salio lako hawezi kuligusa. Kwa hivyo usisome mesej yake. Piga menyu mwenyewe uangalie salio.

Sasa, kuna mahali prosija hii inafika mwisho wa uwezo wake. Ukituma kwenda benki au mtandao mwingine, kuna daftari mbili za kampuni mbili, na prosija ya upande mmoja haiwezi kufunga mistari ya upande wa pili. Pesa hukatwa kwako kwanza, ombi linapelekwa, kisha jibu linangojwa. Malalamiko ya "zimekatwa na hazijafika" mara nyingi huzaliwa hapo. Wakikataa, utarudishiwa kwa muamala mwingine wa pili, ndiyo maana huchukua muda. Prosija pia haijui kama ulikosea namba. Kwake, namba iliyo hai ni namba sahihi. Jina linalotokea kabla pesa hazijaenda limewekwa kwa ajili ya macho yako.

Turudi Marikiti. Ombi la kwanza lilifika na prosija ikalimaliza. Kilichokwama ni jibu njiani kurudi. Kama simu yenyewe ingerudia ombi lilelile, namba yake ingetambulika na kukataliwa. Lakini ulianza upya kwenye menyu, ombi likapata namba mpya, na prosija ikaona mtu aliyeamua kulipa mara mbili. Menyu ikipotea hivyo tena, mwambie mama asubiri kidogo, uangalie salio. Kama Sh500 na ada hazipo, fungua taarifa fupi ya akaunti umwonyeshe muamala, naye aangalie salio lake. Kama salio halijaguswa, ngoja dakika chache uangalie mara ya pili kabla ya kutuma, kwa sababu ombi lililochelewa bado linaweza kuwa njiani.