Ahadi ni Deni: Wajibu wa Mwanafunzi Asiyeona Vema

Mwalimu apangiwaye kazi Ujiji, Kasulu au kando ya Ziwa Tanganyika hana budi kujiandaa kumpokea mtoto asiyeona vema. Huenda akawa mwenye ualbino. Macho yake huumizwa na mwanga mkali, na miwani haimpatii uoni kamili. Shuleni Kabanga, wilayani Kasulu, watoto wa namna hiyo husoma pamoja na wasioona kabisa.

Kosa letu kubwa ni huruma inayomwondolea mtoto kazi. Mtoto anayeanika dagaa mchangani hujikaza kwa sababu nyumbani wanamtegemea. Vivyo hivyo darasani: asiyetegemewa hana sababu ya kujikaza. Mpe wajibu halisi, naye aukubali kwa kinywa chake, kwa mfano kuwasomea wenzake hadithi kila Ijumaa. Akijua kwamba darasa zima linamngoja, atajibidiisha kusoma, iwe kwa herufi kubwa au kwa nukta nundu. Louis Braille, Mfaransa aliyepofuka utotoni, alibuni maandishi hayo ya nukta sita mwaka 1824, akiwa na umri wa miaka 15; baadaye akawafundisha wasioona wenzake.

Lakini ahadi ina pande mbili. Nawe mwalimu timiza yako: mkalishe mbele, asielekee dirisha lenye jua, andika kwa herufi kubwa, tamka kila unachoandika ubaoni. Usipofanya hivyo, utakuwa umemtwika mtoto deni asiloweza kulilipa.