Tani 18 au Hewa? Pima Mchanga Kabla ya Kuweka PIN

Saa moja asubuhi, lori limesimama kwa ploti yako Kitengela. Fundi amefika na vijana wake wawili, simiti iko stoo, na wewe uko kazini Nairobi. Simu inalia. "Bosi, tani kumi na nane hizi hapa, lori imejaa. Tuma pesa tumwage, niko na trip ingine." Unamuuliza fundi, naye anasema ndiyo, imejaa. Unaweka PIN, Ksh 36,000 zinatoka, mchanga unamwagwa na lori linaenda zake. Siku chache baadaye fundi anapiga tena: mchanga umeisha, na plasta ya vyumba viwili bado.

Mfano huu tumeutunga, lakini kama umewahi kujenga unaujua vizuri. Na ugumu wake ni huu: huenda hakuna aliyekudanganya kwa maneno. Lori lilikuwa limejaa kweli. Wewe ulinunua tani, ukapimiwa kwa macho.

Sisi kazi yetu ni malipo, si mjengo. Lakini malipo ya aina hii ni magumu kurudisha. Pesa zilimfikia yule uliyetaka kumlipa, na mzigo ulifika. Kilichobaki ni ubishi wa kipimo, na ubishi huo unafaa kumalizwa kabla pesa hazijatoka. Ndiyo maana leo tunaongea mchanga.

Tani ni uzito, lori ni ujazo

Tani moja ni kilo 1,000. Lori halijui kilo. Lori linajua urefu, upana na kimo cha bodi yake, yaani ujazo. Kutoka ujazo kwenda uzito unahitaji kujua kitu kimoja: mita moja ya ujazo ya mchanga huo ina kilo ngapi.

Mchanga mkavu uliomwagwa bila kushindiliwa huwa kati ya kilo 1,450 na 1,600 hivi kwa kila mita ya ujazo. Ukiloa kabisa na kushikana, unaweza kufika kilo 1,900 au hata zaidi. Mafundi wengi hutumia 1,600 kama hesabu ya haraka, nasi tutaitumia hapa. Kwa hiyo:

- Una mita za ujazo na unataka tani? Zidisha kwa 1.6.
- Una tani na unataka mita za ujazo? Gawanya kwa 1.6.

Pima bodi ya lori

Mwambie fundi achukue tepu kabla mlango wa nyuma haujafunguliwa. Apime urefu na upana wa bodi kwa ndani. Kimo cha mchanga kinahitaji uangalifu zaidi, kwa sababu mara nyingi mzigo huwa mlima katikati na bonde kwenye kona. Achomeke fimbo au chuma cha nondo mpaka chini, mara tano: kona zote nne na katikati. Ajumlishe vipimo hivyo na kugawanya kwa tano.

Tuseme bodi ina urefu wa futi 14, upana futi 7, na mchanga umefika futi 4:

14 × 7 × 4 = futi za ujazo 392.

Mita moja ya ujazo ina futi za ujazo 35.3. Gawanya: 392 ÷ 35.3 = mita 11.1. Zidisha kwa 1.6 unapata tani 17.8. Hapo dereva amesema ukweli.

Sasa tuseme fimbo imeonyesha wastani wa futi 3 tu. 14 × 7 × 3 = 294. Ukigawanya kwa 35.3 ni mita 8.3, ambazo ni tani 13.3. Ukiwa chini barabarani, lori hizi mbili zinafanana kabisa. Lakini kwa bei yetu ya mfano ya Ksh 2,000 kwa tani, umelipa 36,000 na kupata mchanga wa 26,600. Ksh 9,400 zimepotea kwa futi moja ambayo hakuna aliyeipima.

Na kama wameshamwaga?

Usikate tamaa. Rundo la mchanga lina umbo la pia iliyogeuzwa juu chini. Zungusha kamba chini yake upate mzingo, kisha pima kimo cha kilele. Zidisha mzingo kwa mzingo, zidisha kwa kimo, halafu gawanya kwa 38. Rundo lenye mzingo wa mita 16 na kimo cha mita 1.6 ni 16 × 16 × 1.6 ÷ 38, yaani mita za ujazo 10.8 hivi, au kama tani 17. Ni makadirio, lakini yatakuonyesha kama umepungukiwa kidogo au umepunjwa.

Maji yanabadilisha kila kitu

Hapa ndipo wengi wetu hushikwa. Mchanga ukiwa na unyevu kidogo tu, maji hushikilia chembe zisikaribiane, na mchanga unavimba. Kwa unyevu wa asilimia 5 hivi, ujazo unaweza kuongezeka kwa robo, na mchanga laini huvimba zaidi ya ule wa chembe kubwa. Lori linaonekana limejaa, kumbe sehemu ya mzigo ni hewa.

Jaribu hivi. Chukua chupa pana ya kioo au plastiki, weka mchanga huo wenye unyevu bila kuushindilia, ufike sentimita 20. Utoe, tia maji nusu chupa, kisha urudishe mchanga taratibu huku ukikoroga. Ngoja utulie. Ukishuka hadi sentimita 16, ujue ulikuwa umevimba kwa asilimia 25, na mita 10 unazouziwa ni mita 8 za mchanga wenyewe.

Basi tununue kwa uzito tu? Hapo pia maji yana njia yao. Kama kwa kila kilo 100 za mchanga mkavu kuna kilo 6 za maji, basi ndani ya tani 18 zilizopimwa kwenye mizani kuna karibu tani moja ya maji. Ukinunua kwa ujazo, mchanga wenye unyevu unakuuzia hewa. Ukinunua kwa uzito, unakuuzia maji. Lililo muhimu ni kujua unanunua kwa kipimo gani, na kuuliza mchanga umetoka wapi na lini. Ule uliopakiwa mtoni jana usiku baada ya mvua si sawa na uliokaa juani wiki nzima.

Kipimo cha ndoo

Kama huiamini 1.6 yetu, tafuta yako. Jaza ndoo ya lita 20 mchanga huohuo, usawazishe juu, kisha uupeleke kwa muuza viazi au posho mill penye mizani. Toa uzito wa ndoo tupu. Zidisha kilo zinazobaki kwa 50, kwa sababu ndoo 50 za lita 20 ni mita moja ya ujazo. Ukipata kilo 30, mchanga wako una kilo 1,500 kwa mita, kwa hiyo tumia 1.5.

Unahitaji kiasi gani hasa?

Kabla ya kuitisha, piga hesabu ya kazi yenyewe. Sakafu ya mita 5 kwa 4, unene wa sentimita 10, ni mita 2 za zege. Viungo vikavu hupungua vikichanganywa, kwa hiyo zidisha kwa 1.54: unapata 3.08. Kwa mchanganyiko wa simiti moja, mchanga mbili, kokoto nne, mchanga ni sehemu 2 kati ya 7. Hiyo ni mita 0.88, sawa na tani 1.4. Ongeza asilimia 10 ya kumwagika, iwe tani 1.55. Kazi hii haihitaji lori zima, hata dalali akikuambia nini.

Sasa tufike kwa pesa

1. Kubalianeni kipimo kwa ujumbe wa simu, si kwa mdomo. Andika: "Tani 18 za mchanga wa mto, Ksh 2,000 kwa tani, tutapima kabla ya kumwaga." Jibu la "sawa" ni ushahidi wako.

2. Usitume pesa zote kabla ya mzigo kufika. Anayetaka "ya mafuta" kwanza na humjui, tafuta mwingine. Kama ni lazima, iwe kidogo ambacho hakitakuumiza kikipotea.

3. Lipa kwa till ya biashara panapowezekana, badala ya namba ya dereva. Soma jina linalotokea kwenye simu kabla ya kuweka PIN. Likiwa silo mlilokubaliana, acha hapo.

4. Lipia tani zilizopimwa. Zikiwa 13.3, tuma 26,600. Muuzaji akikataa, lori bado limejaa na pesa bado ni zako.

5. Hifadhi ujumbe wa malipo pamoja na picha za tepu ndani ya bodi. Muuzaji akisema mzigo umepimwa kwenye mizani ya magari, omba tiketi na usome uzito wa lori likiwa tupu na likiwa na mzigo.

Na kama kawaida: hakuna mtu wetu atakayekupigia kukuuliza PIN, iwe ni kwa mchanga, mawe au mabati.

Kama hutakuwa saiti siku ya mzigo, mtumie fundi wako makala haya jioni ya leo, na kesho asubuhi umuulize swali moja kabla ya lingine lolote: tepu iko wapi?