Jalada la Kazi za Mwanafunzi

Mtihani wa mwisho wa mwaka humpima mwanafunzi kwa saa chache tu. Jalada la kazi huonyesha njia aliyoipita. Humo huhifadhi insha zake pamoja na rasimu zake, kila moja na tarehe yake, akieleza kwa ufupi kwa nini alibadili hili au lile.

Hapa Lubumbashi jambo hili lina uzito wa pekee. Kijana anayeandika «kitabu yangu» badala ya «kitabu changu» si mjinga wa lugha: anafuata kanuni za Kiswahili cha nyumbani kwao. Mwalimu akiyakuta maneno hayo katika rasimu ya Novemba, kisha mwezi Machi akaona mwandishi mwenyewe ameyafuta na kutaja sababu, hupata habari ambayo alama 12 juu ya 20 haiwezi kumpa.

Kazi ni nyingi, nakiri. Majalada sitini hayasomwi usiku mmoja; mimi husoma kwa makini rasimu ya kwanza na ya mwisho, nyingine nikizipitia tu. Tena rasimu ya kwanza sharti iandikwe darasani, la sivyo tutakuwa tunampa alama kaka yake mkubwa.