Usingizi na Afya Yetu

Jioni hii twataka kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo kila mtu hulifanya, lakini ni wachache wanaolifikiri. Jambo lenyewe ni usingizi.

Kwanza tukiri kosa letu. Zamani sisi walimu tulipomwona mtoto akisinzia darasani tulimwita mvivu, tukamwadhibu. Baadaye tukaanza kuuliza: Jana ulilala saa ngapi? Hapa Basotu majibu yalitufundisha mengi. Mmoja alikesha na wakubwa penye moto mpaka saa tano ya usiku. Mwingine alikuwa akitazama simu gizani. Wa tatu huamka saa kumi ya alfajiri akame ng'ombe kabla ya kushika njia ya shule. Basi hawakuwa wavivu. Walikuwa na deni la usingizi, na deni hilo halilipwi kwa fimbo.

Watu husema kwamba usingizi ni ndugu ya mauti. Ukimtazama aliyelala waweza kuamini hivyo, lakini ndani ya mwili kazi ni nyingi. Katika usingizi mzito mwili wa mtoto hutoa kwa wingi homoni inayomkuza. Ubongo nao hupanga na kukaza mambo yaliyosomwa mchana, kama mama apangavyo nafaka ghalani baada ya mavuno. Moyo hupunguza mwendo wake ukapumzika. Asiyelala vya kutosha husahau upesi, hukasirika bure, na akishika panga au usukani wa trekta aweza kujiumiza. Hali hiyo ikiendelea miaka mingi, humwongezea hatari ya shinikizo la damu na kisukari.

Je, kiasi gani chatosha? Mtoto wa miaka 6 hata 12 ahitaji saa 9 hadi 12. Kijana wa miaka 13 hata 18 ahitaji saa 8 hadi 10. Mtu mzima yafaa apate saa 7 au zaidi.

Labda mzee mmoja atauliza: Mimi huamka usiku wa manane, je, ni mgonjwa? Tuwatazame jirani zetu Wahadzabe, wakaao kaskazini yetu kando ya Ziwa Eyasi. Wataalamu waliwavika watu wazima 33 vyombo vidogo mkononi kwa muda wa siku 20 hivi, na habari zao zikachapishwa mwaka 2017. Katika muda huo wote, dakika ambazo watu wote 33 walikuwa wamelala pamoja zilikuwa 18 tu! Wazee walilala mapema wakaamka mapema, vijana walichelewa, hivyo kambini karibu daima palikuwa na aliye macho. Basi kuamka kidogo usiku si ugonjwa. Hatusemi kwamba Wahadzabe hulala muda mrefu kutuzidi, la. Lakini mchana wao ni wa jua na kutembea, na usiku wao ni wa giza na baridi. Hayo twaweza kuyaiga.

Sasa shikeni maneno haya.

Kwanza, lala na uamke saa ile ile kila siku, hata siku ya mapumziko.

Pili, asubuhi toka nje upate mwanga. Usiku punguza taa, na simu iwe mbali na kitanda, maana mwanga huudanganya ubongo kwamba bado ni mchana.

Tatu, chai na kahawa zisinywewe baada ya alasiri, kwa kuwa nguvu yake hukaa mwilini saa nyingi. Pombe nayo huleta usingizi upesi, kisha huuvunja kabla ya mapambazuko.

Nne, usingizi usipokuja, usigaegae kitandani. Ondoka, ukae kimya penye mwanga hafifu, urudi unapoanza kusinzia.

Tano, na hili ni kubwa: nchi yetu chini ya Mlima Hanang ni ya baridi, lakini msilale kamwe na jiko la mkaa katika chumba kilichofungwa. Mkaa hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, na aliyelala aweza kufa asiamke. Ongezeni blanketi.

Sita, akoromaye huku pumzi ikikatika, au asinziaye mchana kila siku ingawa amelala vya kutosha, aende kwa mganga wa hospitali.

Mwisho, wazazi, tufanye hesabu pamoja. Mtoto wa miaka kumi aamkaye saa kumi ya alfajiri, ili apate saa 9, hana budi kuwa amelala saa moja ya usiku. Ni nyumba gani iwezayo hayo, na chakula bado ki jikoni? Lakini akiamshwa saa kumi na moja, na kazi ya alfajiri ikagawanywa kwa zamu baina ya wakubwa na wadogo, aweza kulala saa mbili. Saa moja hiyo haiwapunguzii ng'ombe maziwa, na mtoto atafika shuleni na akili iliyo macho.

Kwaherini, mlale salama.