Programu ya ramani kwenye kompyuta: Mfanyabiashara aanzie wapi?

Mfanyabiashara wa nafaka anayefuatilia jedwali la bei kila wiki hutambua haraka mahindi yako chini wapi na yamepanda wapi. Jedwali hilo, hata hivyo, halimwonyeshi barabara inayounganisha soko la kununulia na soko la kuuzia, wala idadi ya watu wanaoishi kuzunguka soko analolilenga. Wengi huyajua hayo baada ya lori kuondoka, na faida iliyoonekana kwenye karatasi huishia njiani.

Kazi ya kuunganisha bei na mahali hufanywa na programu za kompyuta za kuchora ramani. Katika miaka ya 1990 programu za aina hiyo, zikiwamo ArcView na MapInfo, ziliuzwa kwa leseni, na mfanyabiashara mdogo hakuwa na sababu ya kuzifikiria. Hivi sasa ipo QGIS, iliyoanzishwa na Gary Sherman mwaka 2002. Toleo lake la 1.0 lilitoka mwaka 2009 na la 3.0 mwaka 2018. Programu hii hutolewa bure, hutumika kwenye Windows, Mac na Linux, na hakuna ada ya mwaka. Faili lake ni kubwa, hivyo ni vyema kulipakua mahali penye intaneti ya uhakika. Anayeanza achague toleo linalotunzwa kwa muda mrefu badala ya lile jipya kabisa, kwa kuwa hitilafu zake nyingi huwa zimekwisha rekebishwa.

Ramani ni matabaka

Programu hii hupanga habari kwa matabaka, moja juu ya jingine. Tabaka la chini laweza kuwa mipaka ya mikoa, linalofuata barabara, na la juu masoko au maduka ya wateja wako. Masoko huwekwa kama nukta, barabara kama mistari, na mikoa au kata kama maeneo. Nyuma ya kila nukta kuna safu katika jedwali: jina la soko, bei ya gunia, tarehe, na kingine chochote utakachoandika.

Matabaka ya kuanzia hayana haja ya kununuliwa. Barabara na majengo hupatikana katika OpenStreetMap, ramani ya dunia iliyoanzishwa mwaka 2004 ambayo mtu yeyote anaruhusiwa kuitumia. Kwa Dar es Salaam ramani hiyo imesheheni kuliko sehemu nyingi, kutokana na mradi wa Ramani Huria ulioanza mwaka 2015, ambapo wanafunzi wa vyuo na wakazi walichora kata zinazokumbwa na mafuriko. Mwenye nia ya kukodi ghala karibu na bonde la Msimbazi anaweza kuangalia mito na mifereji kabla ya kutoa kodi ya miezi 6.

Tahadhari moja kuhusu mafaili: tabaka la aina ya shapefile huja kama mafaili kadhaa yenye jina moja na viambishi tofauti, kama .shp, .shx na .dbf. Ukinakili moja tu kwenye flashi, halitafunguka ipasavyo kwa mwenzako. Nakili yote, au hifadhi kazi yako kama GeoPackage, ambayo ni faili moja.

Kuingiza daftari lako

Hatua ya kwanza yenye manufaa ni kuingiza orodha yako mwenyewe. Andika jedwali katika Excel lenye jina la soko au mteja, bei au mauzo, na safu mbili za mahali: latitudo na longitudo. Namba hizo hupatikana kwenye simu yako ukiwa umesimama mahali penyewe. Hifadhi jedwali kama faili la CSV, kisha liongeze kwenye programu kama tabaka la maandishi.

Hapo ndipo wengi hukwama. Programu itakuuliza safu ipi ni X na ipi ni Y. X ni longitudo na Y ni latitudo. Dar es Salaam iko karibu latitudo -6.82 na longitudo 39.27. Ukizigeuza, duka lako la Kariakoo litaonekana Hispania, karibu na mpaka wa Ureno. Ukisahau alama ya kutoa, ambayo ndiyo inayoonyesha kwamba tuko kusini mwa Ikweta, litaonekana kusini mwa Ethiopia. Nukta ikikosekana mahali unapoitazamia, kagua mambo hayo mawili kwanza.

Kuunganisha jedwali na mikoa

Ikiwa takwimu zako ni za mkoa mzima, huhitaji nukta. Programu huunganisha jedwali na tabaka la mipaka kwa kulinganisha majina. Majina hayo lazima yafanane herufi kwa herufi: "Dar es Salaam" na "Dar-es-Salaam" kwa kompyuta ni mikoa miwili. Aidha, angalia mwaka wa mipaka. Mkoa wa Songwe ulimegwa kutoka Mbeya mwaka 2016. Anayetumia mipaka ya sensa ya mwaka 2012 hataiona Songwe, na bei zake za Tunduma hazitaonekana popote kwenye ramani.

Katika kupaka rangi, usikubali ukubwa wa eneo ukudanganye. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 5,383,728 Dar es Salaam, katika eneo la takriban kilomita za mraba 1,400. Lindi ilikuwa na watu wapatao milioni 1.2 katika eneo la zaidi ya kilomita za mraba 66,000. Kwenye ramani Lindi hujaza jicho na Dar es Salaam huonekana kama doa. Anayetafuta wateja wa rejareja apake rangi kwa idadi ya watu kwa kilomita ya mraba.

Umbali: hapa ndipo penye fedha

Chombo cha kupimia umbali ndicho kinachowavutia wanaoanza, na ndicho kinachoweza kuwagharimu zaidi, kwa kuwa hupima mstari ulionyooka. Tuchukue Songea na Dar es Salaam. Kwa mstari ulionyooka umbali haufiki kilomita 600. Lori linalopita Makambako, Iringa na Morogoro husafiri zaidi ya kilomita 900.

Tuchukulie, kwa ajili ya hesabu tu, kwamba usafirishaji ni shilingi 15 kwa kilo kwa kila kilomita 100. Kwa kilomita 600 gharama ni shilingi 90 kwa kilo, na kwa kilomita 900 ni shilingi 135. Tofauti ni shilingi 45. Kwa lori la tani 30 hiyo ni shilingi 1,350,000, ambayo mfanyabiashara aliyepima kwa mstari hakuiweka katika bei yake. Mwenye mtaji mdogo hawezi kulibeba pengo la aina hiyo mara mbili.

Dawa yake imo ndani ya programu yenyewe. QGIS ina chombo cha kutafuta njia fupi kwa kufuata tabaka la barabara. Ili kompyuta isielemewe, chuja kwanza tabaka hilo ubakize barabara kuu na za mikoa. Hata hivyo, matokeo yake yalinganishe na maelezo ya madereva. Ramani haijui daraja lililokatika wiki iliyopita wala foleni ya mizani.

Kosa jingine linahusu duara la huduma, yaani kuchora eneo la kilomita 5 kuzunguka ghala ili kuona wateja walio jirani. Tabaka lililo katika latitudo na longitudo hupimwa kwa nyuzi. Ukiandika 5 utapata duara la nyuzi 5, ambalo nusu kipenyo chake ni kama kilomita 550. Badilisha kwanza tabaka liende kwenye mfumo wa mita. Kwa Dar es Salaam, Morogoro na Tanga ni UTM kanda ya 37 kusini, namba 32737. Kwa Mbeya, Dodoma, Songea na Mwanza ni kanda ya 36 kusini, namba 32736. Kisha andika 5000, kwa kuwa sasa unahesabu mita.

Kwa wanaonunua viwanja

Wawekezaji wadogo wanaotumia programu hii kutazama viwanja wawe waangalifu zaidi. Ramani nyingi za zamani za upimaji Tanzania zimechorwa kwa mfumo uitwao Arc 1960, ilhali simu na vifaa vya GPS hutumia WGS 84. Namba zilezile zikisomwa kwa mfumo usio wake, kiwanja husogea takriban mita 300. Umbali huo unatosha kukupeleka mtaa mwingine, au kukionyesha kiwanja kilicho bondeni kana kwamba kiko mlimani. Uliza ramani uliyopewa ni ya mfumo upi, kisha uiambie programu hivyo kabla ya kuweka tabaka jingine juu yake.

Hata mifumo ikilingana, ramani uliyochora nyumbani haina nguvu ya hati. Inakusaidia kukataa mapema kiwanja kibaya na kuuliza maswali ya maana. Mipaka huthibitishwa na mpima ardhi aliyesajiliwa, na umiliki huthibitishwa kwa kufanya upekuzi katika ofisi ya ardhi. Usilipe hata malipo ya awali kwa kutegemea nukta kwenye skrini.

Zoezi la kwanza

Anayetaka kuanza asianze na nchi nzima. Achukue wateja 20 au masoko 5 anayoyajua vizuri, aandike mahali pao na mauzo ya mwezi mmoja, ayaingize, kisha nukta azipe ukubwa kulingana na mauzo. Kwa kuwa maeneo hayo anayajua kwa macho, kosa lolote la namba ataliona mara moja. Baada ya hapo aongeze barabara, apime njia ya gari lake la kusambaza, na alinganishe mafuta yanayotumika na mauzo ya kila upande. Mteja wa mbali anayenunua kidogo ataonekana, na uamuzi wa kuendelea kumpelekea mzigo, kumpandishia bei au kumwachia wakala aliye jirani yake utafanywa kwa hesabu.