RAM ya mtumba yazima seva ya wakala Namanga

Malori mawili ya vitunguu yalikuwa kwenye foleni Namanga yakielekea Nairobi, wakati seva ya wakala wa forodha anayeyashughulikia ilipogoma kuwaka. Mfumo wa forodha uko mtandaoni, lakini nakala za ankara, vyeti vya uasili wa bidhaa na hesabu za madeni ya wateja vilikuwa ndani ya seva hiyo. Usiku wa kuamkia siku hiyo, wakala alikuwa ameiongezea RAM ili ifanye kazi kwa kasi zaidi.

Seva yenyewe ni Dell PowerEdge R710, aina iliyoingia sokoni mwaka 2009 na ambayo bado huuzwa kama mtumba. Ilikuwa na RAM ya GB 12. Wakala alinunua Nairobi kadi sita za GB 8 kila moja, akitarajia kufikisha GB 48. Ili apunguziwe bei, alimwachia muuzaji kadi zake za zamani. Kwa hiyo seva ilipogoma, hakuwa na kitu cha kurudishia.

Kioo kidogo cha mbele, ambacho kwa kawaida huwa na mwanga wa buluu, kiligeuka rangi ya chungwa. Wakala aliamini ameuziwa kadi mbovu. Fundi aliyeitwa alianza kwa kusoma lebo. Kadi tatu ziliandikwa PC3-10600R na tatu PC3-10600E.

Tofauti iko kwenye herufi ya mwisho. R ni RAM yenye rejista, yaani chipu inayopokea amri kutoka kwa prosesa na kuzifikisha kwenye kumbukumbu. E haina rejista, ingawa nayo ina uwezo wa kusahihisha makosa. U haina rejista wala usahihishaji huo, na hutumika zaidi kwenye kompyuta za mezani. Seva hiyo hupokea R au E, lakini haikubali zichanganywe.

Fundi alichomoa nyaya zote za umeme, akabonyeza swichi ya kuwashia ili kumaliza umeme uliobaki ndani, kisha akashika chuma cha kasha kuondoa umeme tuli mwilini. Alitoa kadi zote sita. Akaweka moja ya R kwenye soketi A1, ambayo kishikizo chake ni cheupe, akaikandamiza hadi vishikizo vya pande zote mbili vikajifunga. Seva ikawaka. Akaongeza ya pili kwenye A2 na ya tatu kwenye A3, kila mara akizima na kuchomoa umeme kwanza. Jumla ikasomeka GB 24.

Lilikuwapo kosa la pili. Wakala alikuwa amezigawa kadi, nusu soketi za A na nusu za B. Soketi za B ni za prosesa ya pili, na seva yake ina prosesa moja tu. Hata kama kadi zote zingekuwa za aina moja, za upande wa B zisingesomwa.

Jambo jingine huwachanganya wengi. RAM ikibadilishwa, seva hii husimama njiani na kutoa ujumbe kwamba kiasi cha kumbukumbu kimebadilika, ikisubiri mtu abonyeze F1. Ofisi ambayo haijaunganisha skrini na kibodi haiuoni ujumbe huo. Wahusika hudhani mashine imekufa, wakakata umeme na kuanza upya bila mafanikio.

Nyaraka zilichapishwa mchana na malori yakavuka jioni. Suala la fedha ndilo lililobaki. Risiti ya wakala imeandikwa tu "RAM GB 8, kadi 6", bila aina, kwa hiyo hana pa kushika akidai kubadilishiwa. Anayenunua vifaa vya namna hii ng'ambo ya mpaka anapaswa kwenda na picha ya lebo ya kadi iliyomo kwenye mashine yake, kutaka risiti itaje maandishi yote ya lebo pamoja na siku za kurudisha, na kutoachia kadi za zamani kabla mpya hazijawasha mashine.

Kadi tatu za E ziko kwenye droo ya ofisi, zikisubiri safari nyingine ya Nairobi.